Nadhiri ya Vitabu

Shindano la kusoma la mwaka ni ahadi ambayo msomaji huiweka mwanzoni mwa Januari: kwamba ifikapo tarehe 31 Desemba atakuwa amemaliza idadi fulani ya vitabu, au vitabu vya aina zilizotajwa kwenye orodha. Mijini vijana huliita chalenji. Wanaochagua maneno husema changamoto ya kusoma, au shindano. Hakuna jina kati ya hayo linalokaa sawasawa. Shindano huhitaji mtu wa kushindana naye, na hapa hayupo. Changamoto humkuta mtu njiani, ilhali hili mtu hujitakia mwenyewe. Kwa tabia zake zote ni nadhiri: anayeiweka hujifunga kwa hiari, hutamka kiasi, na asipotimiza hana wa kumdai ila nafsi yake.

Nadhiri hizi si za namna moja. Iliyo nyepesi kueleweka ni ya idadi: kumi na mbili, yaani kitabu kwa mwezi, hamsini na mbili, yaani kitabu kwa wiki, mia moja, kwa wenye muda au wenye kujigamba. Nyingine ni ya orodha, ambayo humtaka msomaji atafute kitabu cha tafsiri, cha mwandishi mwanamke, au kilichochapishwa mwaka aliozaliwa. Nyingine hufuata ramani, nchi baada ya nchi. Kwa watoto desturi hii ni ya zamani. Maktaba za Marekani zilikuwa zikiwapa watoto orodha za vitabu vya likizo ya kiangazi tangu miaka ya 1890. Nchini Uingereza shindano la kiangazi la maktaba za umma lilianza 1999, na kiwango chake cha kawaida kimekuwa vitabu sita kwa mtoto. Kwa watu wazima mambo yalishika kasi ilipoingia intaneti. Mtandao wa Goodreads, uliofunguliwa 2007, uliweka shindano lake la mwaka 2011. Mwaka 2012 Mwingereza Ann Morgan alijipa kazi ya kusoma kitabu kimoja kutoka kila nchi inayojitegemea, orodha yake ikiwa na nchi 196. Na 2015 mtandao wa Book Riot ulitoa orodha yake ya kwanza ya vipengele 24.

Kwa watu wa mwambao, hata hivyo, wazo lenyewe si geni. Kila Ramadhani Waislamu wengi hujipangia kuhitimu Kurani, na hesabu yake inajulikana hata kwa mtoto: juzuu 30 kwa siku 30. Msahafu uliopigwa chapa Madina una kurasa 604, hivyo juzuu moja ni kurasa 20 hivi. Mwenye kusoma kurasa nne baada ya kila swala ya faradhi huimaliza juzuu ya siku bila kuchoka. Neno hitimu, ambalo leo hutumika kwa mwanachuo anayevaa joho, lilianzia huko kwenye kumaliza msahafu. Wakristo nao wana ratiba za kuimaliza Biblia kwa mwaka: sura 1,189, tatu au nne kwa siku. Kati ya nadhiri hizo kongwe na hizi za leo ipo tofauti moja iliyo kubwa kuliko inavyodhaniwa. Aliyehitimu mwaka jana hatafuti kitabu kingine mwaka huu. Anaanza kilekile.

Kilichofanya mambo haya yaandikwe ni ujumbe mfupi wa simu. Januari mwaka huu binti mmoja, mtoto wa dada yake mwandishi wa makala haya, alimwandikia: “Shikamoo mjomba. Mwaka huu unaweka ngapi?” Hakueleza ngapi za nini, wala hapakuwa na haja. Mjomba huyo, mzaliwa wa Tanga wa mwaka 1974, alishiriki mashindano ya kusoma kwa miaka minane mfululizo, kuanzia 2013 hadi 2020, kisha akayaacha. Swali lilimkuta hana jibu la tarakimu.

Nadhiri yake ya kwanza ya kusoma haikuwa ya intaneti. Ramadhani ya 1986, akiwa na miaka kumi na miwili, alikuwa akisoma chuo Ngamiani, na alitaka kuhitimu kabla ya wenzake wote. Alisoma kabla ya daku, akasoma baada ya adhuhuri wakati wengine wamelala, akamaliza siku ya kumi na tisa. Alikwenda kwa mwalimu akiwa tayari amejiandalia uso wa kupokea sifa. Mwalimu hakumsifu. Alimfungulia Sura ya Yusuf akamwambia asome kwa sauti, na kabla ukurasa haujaisha alikuwa amemsimamisha mara sita: hapa umemeza herufi, hapa ulipaswa kuvuta, hapa palikuwa pa kusimama. Kisha akamwambia aanze upya, maana mwezi ulikuwa bado una siku kumi na moja. Siku hizo kumi na moja zilimfikisha juzuu ya nne. Mtoto aliona ameonewa. Ilichukua zaidi ya miaka thelathini mpaka akaelewa kwamba mwalimu alikuwa ametenganisha vitendo viwili ambavyo yeye alivichukua kuwa kimoja, kusoma na kumaliza.

Miaka ya sekondari ilipita bila shindano lolote, ila palikuwa na mhuri. Katika maktaba ya mkoa kila kitabu kilikuwa na karatasi iliyobandikwa ndani ya jalada, na mtunza maktaba aligonga humo tarehe ya kukirudisha, majuma mawili mbele. Hapo ndipo alipowasoma mpelelezi Bwana Msa na rafiki yake Najum katika Mzimu wa Watu wa Kale na Kisima cha Giningi, vya Muhammed Said Abdulla. Tarehe zilizogongwa juu ya yake zilimwambia kwamba watu kadhaa asiowajua walikwisha kupita humohumo. Muda uliwekwa kwa sababu kuna mtu mwingine anayesubiri kitabu. Ni sababu nzuri kuliko nyingi zilizokuja baadaye.

Mwaka 2013 alikuwa mtumishi wa ofisi jijini Dar es Salaam, akiishi Mbagala na kufanya kazi Posta. Programu moja ya simu ya kuorodhesha vitabu ilimuuliza anakusudia kusoma vingapi mwaka huo. Aliandika 52, kwa sababu ndogo tu kwamba mwaka una wiki 52. Hesabu haikuwa ya kutisha. Riwaya nyingi za Kiswahili ni fupi. Zikikadiriwa kurasa 200 kila moja, hamsini na mbili ni kurasa 10,400, ambazo zikigawanywa kwa siku 365 hazifiki 29 kwa siku. Foleni ya Barabara ya Kilwa ilimpa saa moja na nusu asubuhi na zaidi ya hapo jioni. Aliyewahi kupanda daladala ya Mbagala atauliza kitabu kilishikwa kwa mkono upi, maana mmoja umeshika bomba na mwingine unalinda mfuko wa suruali. Jibu ni kwamba msomaji huyu aligeuza na gari: alipanda likiwa linaelekea mwisho wa njia, akapata kiti, akalipa nauli mara mbili. Nauli ya pili aliihesabu kuwa ada ya maktaba.

Haitakuwa haki kuilaumu tarakimu tangu mwanzo. Kabla ya mwaka huo alikuwa akijiita msomaji huku akimaliza vitabu vinane au tisa kwa mwaka, na vingi kati ya hivyo vilikuwa vya kazi. Kufikia Juni 2013 alikuwa amepita ishirini na tano. Alisoma Kuli na Vuta n’kuvute mfululizo, akaona jinsi bandari na mitaa ya Unguja inavyobadilika katika mikono ya Adam Shafi kati ya 1979 na 1999, jambo ambalo asingeliona kama vitabu hivyo vingepishana kwa miaka mitano. Tarakimu ilimrudishia mazoea, na mazoea ndiyo sehemu ngumu ya kusoma kwa mtu mwenye ajira na watoto.

Mambo yaligeuka baada ya Agosti. Programu ilikuwa na mstari mdogo chini ya jina lake: umetangulia kitabu kimoja, uko sawa na ratiba, umechelewa vitabu vitatu. Oktoba mstari ulisema amechelewa tisa. Alipokwenda kwa wauza vitabu wa mitumba wanaotandika kando ya barabara, aligundua kwamba hasomi tena majina yaliyo juu ya majalada. Alikuwa akitazama mgongo wa kitabu, kupima unene. Riwaya nene ziliahirishwa. Tamthilia zilipata soko ghafla: Hatia ya Penina Muhando ilisomwa kati ya magharibi na isha, na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ikafuata kesho yake. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, iliyochapishwa 1965 na kwa haki kabisa ikapendwa na wengi, ilisomwa kwa sababu ni nyembamba. Kitabu cha 52 kilimalizika tarehe 30 Desemba, na programu ikamrushia vipande vya karatasi za rangi kwenye kioo cha simu.

Wiki ya kwanza ya 2014 aliketi na orodha yake na kalamu, akajaribu kuandika sentensi moja kuhusu kila kitabu bila kukifungua. Alifika 33. Kumi na tisa vilikuwa majina tu, na karibu vyote hivyo vilisomwa baada ya Septemba. Kinjeketile ilikuwamo. Huu ni mchezo wa kuigiza uliojengwa juu ya swali la kama watu wakiaminishwa kwamba maji yatazuia risasi wanaweza kuunganishwa na uongo huo, na gharama yake ni nini. Swali ambalo mtu hawezi kulisahau kama kweli lilimfika. Halikuwa limemfika. Lilipita masikioni kama tangazo, ndani ya basi, la kituo ambacho abiria hashuki.

Mwaka huo wa 2014 alishusha kiwango hadi 30, na somo lililokuja halikuhusu mwendo. Lilihusu daftari la wenyewe. Ili kitabu kihesabiwe, lazima kiwe kimeorodheshwa katika programu, na vitabu vingi vya Kiswahili havikuwamo. Vya miaka ya 1960 vilikuwa na shida zaidi, kwa sababu namba ya kimataifa ya kitabu, ambayo mashine huitafuta kwanza, ilikuja kuwa utaratibu wa kimataifa 1970. Vilivyokuwamo vilikuwa vimechanganyikana. Jina la mwandishi wa Kuli hupatikana kwa mpangilio wa Adam Shafi, Adam Shafi Adam na Shafi Adam Shafi, na kila mpangilio ulikuwa umefanywa mtu wake. Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed ilikuwa imepewa Said Ahmed Mohamed, aliyeandika Utengano. Kwa mgeni ni kosa dogo; kwa anayewajua waandishi hawa wawili ni sawa na kumpa jirani mtoto wa jirani mwingine.

Jumamosi kadhaa zilitumika kuingiza vitabu kwa mkono: jina, mwaka, mchapishaji, idadi ya kurasa, picha ya jalada iliyopigwa juu ya meza ya kulia. Vilivyoingizwa vilipita arobaini. Miezi baadaye mtu asiyemjua, aliyejitambulisha kuwa ni Mzanzibari wa Muscat, aliongeza chini ya Kasri ya Mwinyi Fuad toleo alilokuwa nalo yeye. Hawakuandikiana tena. Kazi hiyo haikuongeza hata kitabu kimoja kwenye hesabu ya mwaka, na bado ndiyo iliyobaki na faida hadi leo, kwa kuwa shindano huhesabu tu kile ambacho mtu fulani alijisumbua kukiandikisha.

Mwaka 2015 aliacha idadi akashika orodha. Alikusanya vipengele kutoka orodha za watu wengine, akatupa visivyokuwa na maana kwa msomaji wa Kiswahili, akabaki na 24. Kipengele cha waandishi wanawake kilimfanya arudi nyuma kuhesabu. Katika vitabu 82 vya miaka miwili iliyopita, vya wanawake vilikuwa saba. Hakuwa amewakataa; mkono wake ulikuwa ukienda kwenye majina uliyoyazoea tangu sekondari. Mwaka huo alisoma Mali ya Maskini na Mwisho wa Kosa vya Zainab Burhani, Nakuruto ya Clara Momanyi, na kurudi kwa Penina Muhando kupitia Lina Ubani, safari hii bila kuangalia saa. Hatia, aliyoibugia mwaka juzi kati ya swala mbili, nayo aliisoma upya. Programu ilikataa kuihesabu.

Kipengele cha mwaka wa kuzaliwa ndicho kilichompa raha kuliko vyote. 1974 ulitoa Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, Siri ya Sifuri ya Muhammed Said Abdulla, na Kufa na Kupona ya Elvis Musiba. Msomi Kazimoto aliyekata tamaa na maisha, mpelelezi wa Unguja asiyeachana na kiko chake, na jasusi Willy Gamba: watu watatu ambao wasingeweza kukaa meza moja, na wote wametoka mwaka mmoja. Anayetaka kujua ni mambo gani fasihi ya Kiswahili iliweza kuyafanya kwa wakati mmoja hahitaji ushahidi mwingine. Lakini kuvisoma ni shughuli moja na kuvipata ni nyingine. Kufa na Kupona ilitafutwa miezi mitano Dar es Salaam bila mafanikio, ikapatikana Nairobi, kwa muuzaji wa chini ambaye wenyeji humwita inama, kwa kuwa mteja sharti ainame. Nakala ilikuwa haina jalada na ukurasa wa mwisho ulikuwa umeandikwa upya kwa kalamu ya wino na msomaji wa zamani. Huyo naye alikuwa ameweka nadhiri ya namna yake.

Likizo ya Desemba 2016 lilifanyika jaribio dogo nyumbani. Mtoto wa dada, akiwa na miaka minane, alikuja Mbagala kukaa wiki nne, na mjomba akamwekea shindano la vitabu sita kwa mfano wa maktaba za Uingereza. Zawadi ilikuwa pakiti ya ubuyu wa Zanzibar. Mwisho wa likizo mtoto alileta karatasi yenye mistari sita. Minne ilikuwa Hekaya za Abunuwasi. Aliambiwa kwamba hicho ni kitabu kimoja. Akauliza, “Mbona chuoni mwalimu anatuhesabia?” Alikuwa katika Juzuu Amma kwa mara ya tatu, na kila mara aliyoimaliza mwalimu aliandika. Mjomba alitafuta jibu hakulipata. Ukweli ni kwamba mtoto alikuwa ameshaweza kuzisimulia hekaya zote kwa mpangilio, na sauti ya Abunuwasi aliitoa puani. Alipewa ubuyu wake.

Mwaka 2017 ulikuwa wa ramani. Ann Morgan, katika mwaka wake wa kusoma dunia, aligundua kwamba zipo nchi ambazo hazina hata riwaya moja kwa Kiingereza. Kwa Sao Tome na Principe ilibidi watu wajitolee kumtafsiria kitabu kutoka Kireno. Msomaji wa Dar es Salaam aligeuza swali: mtu anayesoma Kiswahili peke yake atafika wapi? Nigeria ilikuwapo, kwa Shujaa Okonkwo. Ghana ilikuwapo kwa Wema Hawajazaliwa, tafsiri ya mshairi Abdilatif Abdalla. Uganda kwa Wimbo wa Lawino, Kameruni kwa Boi, Kenya kwa Njia Panda, Senegali kwa Barua Ndefu Kama Hii. Nje ya Afrika, Ugiriki ilipatikana kwa Mfalme Edipode, Urusi kwa Mkaguzi Mkuu wa Serikali, Ufaransa kwa Mnafiki, na Uingereza kwa Mabepari wa Venisi ya Mwalimu Nyerere.

Hizo ni kumi. Baada ya hapo safari ilikwama, ama kwa sababu kitabu hakipo au kwa sababu hakipatikani tena hata kwa kuinama. Alipopanga tafsiri hizo kwa miaka yake, nyingi ziliangukia kati ya 1969 na 1979: Mabepari wa Venisi 1969, Mfalme Edipode 1971, Shujaa Okonkwo 1973, Wimbo wa Lawino 1975, Wema Hawajazaliwa 1976, Mkaguzi Mkuu wa Serikali 1979. Kwa miaka kumi dunia ilikuwa ikihamia katika Kiswahili kwa mwendo mzuri, kisha ikapunguza mwendo. Wakati huo palikuwa na mashirika ya uchapishaji yenye nguvu Nairobi na Dar es Salaam, shule zilizotaka vitabu, na waandishi waliokuwa tayari kutumia vipaji vyao kwa kazi za wenzao. Mtu anayesoma bila ramani huyaona hayo kwa vipande. Nadhiri ya kumi na mbili au ya hamsini isingemwonyesha kabisa, na kwa maoni ya mwandishi huyu hapo ndipo shindano la kusoma linapostahili usumbufu wake: pale linapompeleka msomaji mahali ambapo mkono wake usingekwenda.

Baadaye likaja kundi la WhatsApp. Lilianza 2018 na wasomaji sitini hivi, wengi vijana, na kila mwisho wa mwezi kila mmoja aliweka orodha yake na picha za majalada. Mwaka wa kwanza bingwa alitangaza vitabu 112. Siku moja mwanachama mmoja alimuuliza, bila ubaya wowote, aliuonaje mwisho wa Utengano. Bingwa alijibu kwa aya ndefu yenye maneno mazuri, na kila aliyekisoma kitabu aliona kwamba anazungumzia kitabu kingine, Asali Chungu. Kundi lilinyamaza nusu saa, kisha mtu akatuma salamu za Ijumaa.

Ni rahisi kumcheka bingwa huyo. Ila Desemba 2019 mwandishi wa makala haya alikuwa amebakiza kitabu kimoja kutimiza 40, na ilikuwa tarehe 31. Alichukua Nagona ya Kezilahabi, kwa kuwa haifiki kurasa mia. Alisoma ishirini za mwanzo, akaona hashiki chochote, akapekua zilizobaki kama anayetafuta risiti, akaweka alama ya kumaliza. Saa nne usiku programu ilimrushia vipande vya karatasi za rangi.

Tarehe 9 Januari 2020 Kezilahabi alifariki dunia. Kundi liliamua kumkumbuka kwa kusoma kazi zake, na mtu akapekua orodha za mwaka uliopita kutafuta nani amesoma nini. Rosa Mistika walikuwa kumi na wanane. Kichwamaji walikuwa tisa. Nagona alikuwa mmoja. Akaombwa aongoze mazungumzo, akaitwa mwalimu mbele ya watu sitini.

Aliomba majuma mawili. Yakawa sita. Nagona haina kisa kinachokwenda mbele kwa hatua. Anayeisoma kwa kufuata tukio hupotea, na kasi humzidishia kupotea. Mara ya kwanza alimaliza bila kujua amesoma nini. Mara ya pili aliandika pembeni kila swali ambalo kitabu chenyewe kinauliza, na karatasi mbili zikajaa. Mara ya tatu aliisoma kwa sauti, sebuleni, usiku, na hapo sentensi zilizokuwa zikionekana kama mafumbo ya makusudi zilianza kukaa kama maneno ya mtu anayefikiri mbele yako na asiyejua atafika wapi. Mara ya nne aliisoma sambamba na Mzingile, iliyotoka mwaka mmoja baadaye, 1991. Mazungumzo yalifanyika mwanzoni mwa Machi, na kabla ya kuanza alilieleza kundi ukweli wa tarehe 31 Desemba. Bingwa wa vitabu 112 ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandika kwamba hakuna tatizo.

Wiki chache baadaye mikusanyiko ilikoma kwa sababu ya korona, na Aprili zikaja habari za kifo cha Ken Walibora. Wakenya wa kundi walirudi wote kwenye Siku Njema, wengi kwa mara ya tatu au ya nne tangu wakiwa shule. Hakuna aliyeuliza kama inahesabiwa. Mwaka huo wa 2020 mwandishi huyu alimaliza vitabu sita kwa hesabu ya programu, ambayo mwishoni ilimwarifu amechelewa vitabu 34. Aliifuta kwenye simu bila hasira.

Tangu hapo hutumia daftari la kawaida, la kurasa 96. Lina safu nne: jina la kitabu, siku ya kukianza, siku ya kukiacha, na mara ya ngapi. Safu ya tatu haisemi kumaliza, kwa makusudi. Mwaka jana lilikuwa na mistari kumi na saba. Kichwamaji ina mistari mitatu tangu daftari lianze. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobel, ina miwili. Katika ile ramani ya 2017 ingeleta mgogoro: mwandishi mzaliwa wa Unguja, lugha ya Kiingereza, makazi ya Uingereza, na hadithi ya bara na pwani yetu. Ingehesabiwa nchi gani?

Ujumbe wa Januari ulijibiwa kwa picha ya ukurasa mmoja wa daftari hilo, bila maelezo. Binti alituma ya kwake, kutoka katika programu, yenye tarakimu 40 kwa herufi kubwa. Kisha akauliza kama kitabu kilichorudiwa kinaingia kwenye hesabu. Mjomba alimjibu kwa kumkumbusha ule ubuyu.